Kasi Tuliyoinunua kwa Hatua

Vijana wa karakana mmenitaka niandike yale ambayo hayamo kwenye kitabu cha mwongozo. Nimekubali kwa sharti moja: msinitafutie humu vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vikiwa vimechoka njiani, na mshahara kila ulipofika ulinikuta nimeshaumaliza kichwani. Nitaandika juu ya kazi yenyewe ya kujaza risasi, maana ndiyo iliyonila bega. Bega langu la kulia sasa linatabiri mvua. Hapa Bukoba hiyo si karama. Hata ukuta unatabiri mvua.

Niliingia kazini nikitokea sokoni. Mama yangu aliuza ndizi na maharage, nami nilipomaliza shule nilikaa naye mezani nikingoja dunia iniite. Alinifundisha mambo mawili tu: hesabu mara mbili, na bei yako ya mwisho usiitaje mwanzoni. Idara ya wanyamapori ilipotangaza nafasi ya msaidizi wa fundi silaha, nilikwenda kuomba kwa sababu ofisi ilikuwa na paa lisilovuja. Sababu nyingine nilizitunga baadaye, nilipoulizwa.

Fundi silaha alikuwa Mzee Evodi wa Kashozi, mtu mrefu, mkavu, anayezungumza kama anayelipia kila neno. Hakutuuliza maswali. Alituwekea waombaji mizani ndogo ya kupimia baruti, bakuli la chumvi na kijiko, akamwambia kila mmoja apime chumvi sawasawa na jiwe la mizani. Zamu yangu ilipofika nilipima, nikamwaga, nikapima tena.

"Ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?" akauliza.

"Haikuwa na kasoro, Mzee. Ya kwanza ya mteja, ya pili yangu."

Alinitazama kama mtu aliyeona noti ambayo hana hakika nayo. Siku iliyofuata nilipewa aproni.

Wageni wa kazi hii hudhani risasi hutoka dukani tu. Zamani zetu haikuwa hivyo. Idara ilikuwa na bunduki za zamani za mtutu mnene, za kukabili wanyama wakubwa wanaoingia vijijini, na risasi za bunduki zile viwandani hazikuwa zikitengenezwa tena isipokuwa chache, nazo zilichelewa kufika. Kwa hiyo karakana yetu ilikuwa na kibali cha kuzijaza upya. Ganda la shaba likishapigwa halitupwi. Linasafishwa, linarudishwa umbo kwa mashine ya mkono, linawekewa kitakoni fataki mpya, kile kiwashio kidogo cha baruti, linatiwa baruti, halafu kile kichwa kinachoruka kinabanwa mdomoni. Ukilisema hivi linaonekana jambo jepesi kama maandazi. Asiye na kibali wala mwalimu asilijaribu hata hivyo. Mimi nina vidole kumi. Nimevihesabu tena asubuhi hii.

Ugumu wote uko kwenye baruti. Ukiongeza, kichwa kinakwenda kasi zaidi na kinatoboa mfupa mnene. Lakini kila bunduki ina kasi inayoipenda. Ukiipita, mtutu unatetemeka vibaya na matundu kwenye karatasi yanatawanyika kama kuku walioona mwewe. Ukizidi hapo, ganda linavimba ndani ya chumba cha bunduki, na bolti, ile nondo unayoivuta nyuma kulitoa, inakwama. Ukipunguza baruti nako unapata matundu mazuri yaliyokaa pamoja, ila kichwa kinafika kwa mnyama kimechoka. Kati ya pande hizo mbili ndipo tulipolipwa kukaa, miaka yote.

Mzee Evodi alikuwa wa upande wa shabaha. Upande wa kasi ulikuwa na Projestus, askari wetu wa wanyamapori, mzaliwa wa Izimbya, mtu wa kelele na kofia. Kila alipokuja kuchukua risasi vita vilianza upya.

"Mzee Evodi, shikamoo. Leo umeniwekea baruti au umeninusisha?"

"Marahaba. Risasi ikiwahi kufika mahali pasipo penyewe, imefika wapi?"

"Na ikifika mahali penyewe ikabisha hodi kama mgeni, nani aifungulie?"

Nilicheka siku ya kwanza. Baadaye nikagundua kwa nini Projestus hakuwa akicheka. Alichechemea mguu wa kushoto. Miaka ya nyuma, kabla sijafika, alimpiga kiboko kichwani kwa risasi ya polepole. Ilifika mahali penyewe kabisa, ikaishia kwenye mfupa. Kiboko akamfuata. Kwa hiyo alipodai kasi hakuwa akidai sifa, ingawa sifa nazo hakuzikataa. Mzee Evodi naye aliwahi kumzika rafiki ambaye bunduki yake ilikwama akiwa mbele ya nyati. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo mwanafunzi anapochanganyikiwa: hakuna wa kumpuuza.

Miaka kadhaa nilijifunza bila kutoa maoni. Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, tulikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa upande wa Kanazi. Tulipiga karatasi kupima shabaha, kisha tukapiga mbao za mti wa msizi zilizofungwa pamoja, tukahesabu ngapi zimetobolewa, kupima nguvu. Mashine ya kupima kasi haikuwapo wakati huo. Mbao hazikuhitaji betri, na jioni tulipikia chai. Mzee Evodi alinifundisha kugusa kitako cha ganda kwa kidole gumba kusoma kama fataki imekuwa bapa, na kuvuta bolti kwa kidole kimoja. Ikifunguka kwa kidole, risasi imepimwa vema. Ikidai kiganja, punguza. Ikidai kiganja na jina la Bwana, vunja zote.

Halafu ukaja msimu wa kiboko wa Muleba.

Kijiji kilikuwa ufukweni, chenye migomba inayoshuka karibu kabisa na ziwa. Dume moja la kiboko lilihamia kwenye mafunjo, pale pale watu walipochotea maji. Lilivunja mtumbwi, likapondaponda viazi, na mwishowe likamkimbiza mwanamke mmoja, Ma Paskazia, hadi mlangoni kwake. Ndoo yake ilipatikana ikiwa bapa kama chapati. Tangu siku hiyo hakuna aliyeshuka majini. Watu walipanda mlima kwenda kwenye chemchemi nyembamba upande wa pili, wakapanga foleni na kugombana. Walijaribu kelele, wakajaribu moto, wakachimba mtaro. Idara ikatoa kibali cha kumuua.

Projestus alikuja karakana bila kofia, nikajua hana mzaha.

"Huyu ni dume zee, fundi. Fuvu lake ni ukuta wa kanisa. Nipe za kasi."

Mzee Evodi alikuwa amelazwa hospitali kwa presha, mimi ndiye niliyekuwa mezani. Nilipanda kidogo juu ya kipimo cha mzee, ndani ya mipaka ya jedwali la baruti. Tukajaribu Kanazi asubuhi yenye ukungu. Matundu yalikaa pamoja, mbao zikatoboka, bolti ikafunguka kwa kidole. Projestus akambusu paji la uso dereva wake, maana mimi nilikuwa mbali.

Kesho yake jioni alirudi akiwa na matope hadi kifuani.

Kiboko alitoka kwenye mafunjo saa kumi, jua bado kali. Projestus alilenga chini ya sikio. Risasi ikapita juu, ikachana ngozi ya shingo. Akavuta bolti apige ya pili. Haikutoka. Alivuta kwa kiganja, akavuta kwa mguu. Kiboko aligeuka, akaja. Projestus akapanda mbuni, mti wa kahawa. Sasa, nyinyi mnaoijua mibuni yetu mnajua haikuumbwa kupandwa na mtu mzima. Uliinama naye taratibu kama unamsalimia kiboko. Kilichomwokoa ni mbwa wa jirani waliobweka, kiboko akarudi majini akivuja damu. Kwa hiyo sasa kijiji kilikuwa na kiboko yule yule, mwenye jeraha na hasira.

"Umenijazia kifo," Projestus aliniambia.

Nilichukua zilizobaki katika boksi lile lile, asubuhi nikaenda nazo Kanazi. Matundu yakakaa pamoja. Bolti ikafunguka kwa kidole. Bidhaa ile ile, Bukoba ni njema, Muleba ni mbaya. Sokoni ukiona hivyo huulizi bidhaa, unauliza safari.

Nikamkalisha Projestus kwenye benchi.

"Kabla ya kupiga, risasi zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa na mimi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa mwenyekiti. Nakula."

"Uliingia nazo ndani?"

Akajikuna. "Watu walitaka kuziona."

"Waitu, ndugu yangu Projestus. Waliziona wapi?"

Dereva ndiye aliyesema. Projestus alizisimamisha safu moja juu ya boneti ya gari, zinang'aa, kijiji kizima kikapita kuzitazama kama wanaoabudu Ekaristi Takatifu. Tangu saa sita mpaka saa kumi. Juu ya boneti ya chuma, kwenye jua la ufukweni.

Baruti ikipata joto huwaka kwa nguvu zaidi. Mwongozo unalisema, kwa sentensi moja, na sisi tuliisoma tukiwa tumevaa masweta. Kazi yetu yote ya kupima tuliifanya alfajiri za baridi kwa ajili ya mtu atakayepiga saa kumi ya jua. Kasi niliyoiongeza ilikuwa na nafasi Kanazi. Boneti iliimaliza nafasi ile, ikaongeza na yake.

Mzee Evodi nilimweleza akiwa kitandani. Alisikiliza, macho yamefumbwa.

"Punguza urudi kwenye kipimo changu," akasema.

"Hatakwenda nazo, Mzee. Unajua mguu wake."

Alifumbua jicho moja. "Basi kapatane naye," akasema. "Wewe si mtoto wa sokoni? Mimi sikuwahi kupatana naye. Nilimkatalia tu."

Nilifunga mashine, mizani na maganda kwenye kasha, nikashuka Muleba na karakana yangu mgongoni kama mchuuzi wa mitumba. Mwenyekiti alinipa banda lisilo na upepo, la kuhifadhia kahawa. Nilijaza risasi kwa vipimo vinne, kutoka chini kwenda juu, kila kipimo nikakipaka rangi yake ya kucha, hiyo hiyo ya kike, kitakoni. Kisha nikafanya jambo lililowafanya watu wacheke: nikazianika. Nilitandika mkeka uani, pembeni ya kahawa ya mwenyekiti, nikazipanga juani, nikakaa kuzilinda kuku wasizidonoe.

"Zikikauka utazikoboa?" mwanamke mmoja akauliza. Alikuwa Ma Paskazia, yule wa ndoo bapa. Alikaa karibu nami, akanipa buni za kutafuna, akaniambia magoti yake hayawezi tena kile kilima cha chemchemi. "Majirani wananichotea. Leo wananichotea. Ikifika wiki ijayo watanikumbuka?"

Saa kumi tulikwenda kwenye shamba lililolazwa, nyuma yake kichuguu kikubwa cha kuzuia risasi. Projestus akapiga zikiwa za moto. Rangi ya juu kabisa: bolti ikadai kiganja. Nikaziweka kando, nizivunje baadaye. Iliyofuata: bolti sawa, lakini matundu yakatawanyika kupita upana wa sahani ya kikombe. Ya tatu, nyekundu: yote yakaingia kwenye sahani, bolti kwa kidole, na mbao zikatoboka, ila mbili pungufu ya alizotaka Projestus. Ya chini hatukuipiga kabisa. Nilijua asingeitazama.

"Nyekundu," nikasema.

"Mbao mbili, fundi."

"Nimeona."

"Mbao mbili ni mguu wangu wa kulia. Niongezee kidogo tu, kati ya hii na ile."

"Hapo kati sahani inavunjika. Ulitaka kumpiga kutoka wapi?"

Akanionyesha: kutoka ukingo wa migomba, mahali alipopigia mara ya kwanza. Nikatembea kutoka kwenye zile mbao mpaka kwa mpigaji, nikahesabu hatua, nikarudi nikihesabu tena. Nikazileta mbao karibu kwa hatua ishirini.

"Piga hapa."

Akapiga nyekundu. Zile mbao mbili zikatoboka, na ya ziada ikapasuka. Risasi inachoka njiani kama mtu yeyote. Ukiifupishia njia inafika na nguvu zake.

Projestus alitazama mbao, akatazama umbali. "Kumbe kasi yenyewe ulikuwa nayo."

"Ninayo. Iko kule mbele, hatua ishirini kutoka kwenye migomba."

"Na mimi ndiye wa kulipa hizo hatua."

"Mnunuzi ndiye anayelipa."

Alicheka, mara ya kwanza tangu mbuni ule. Halafu akaacha. "Sawa. Nimekubali bei. Lakini kwetu Izimbya muuzaji anayezisifu ndizi zake tunamwambia ale moja. Kesho utasimama nyuma yangu."

Mnajua nilivyo. Sikuwahi kununua kitu bila kupunguziwa. Nilifungua mdomo nipunguziwe, nikaona hakuna pa kuanzia. Nikasema sawa.

Kesho yake risasi za rangi nyekundu zilikaa ndani ya mfuko wa kitambaa kibichi, kivulini, chini ya macho yangu. Lakini moyoni nilijua hata zikianikwa zinastahimili, na huo ndio usalama pekee ninaoujua: kivuli kikikosekana, kipimo kisikosekane. Tuliondoka kwenye migomba jua likiwa bado juu. Ukingo wa mwisho wa kivuli ukabaki nyuma yetu. Projestus alitembea bila kuharakisha mguu wake. Mimi nilitazama shati lake mgongoni na sikutazama pengine.

Kiboko alinyanyuka kwenye mafunjo, mkubwa kuliko nilivyomjumlisha. Aligeuza kichwa kutunusa. Projestus alisimama, akavuta pumzi, akaitoa nusu. Nikamsikia akinong'ona, "Fundi."

"Nipo."

Bunduki ikalia. Kabla mwangwi haujarudi kutoka ng'ambo nilisikia sauti niliyoingojea kuliko ule mlio: bolti ikienda nyuma na mbele, laini, na ganda likidondoka kwenye majani. Risasi ya pili ilikuwa tayari chumbani. Haikuhitajika. Kiboko aliketi chini kama aliyechoka, akalala ubavu.

Tulikaa pale muda mrefu hadi tukawa na hakika. Nililiokota ganda. Lilikuwa bado la moto, na fataki yake ilikuwa mviringo mzuri. Projestus aliniomba nimwonyeshe, akaligusa kwa kidole gumba kama alivyofanya Mzee Evodi, jambo ambalo sikujua kama amewahi kulitazama.

Mzee Evodi alipona, akarudi, akazisikia habari na kusema, "Hm." Kuanzia hapo hakuna boksi lililotoka karakana yetu bila kuanikwa kwanza na kupigwa likiwa la moto, na askari akaulizwa saa na hatua za kupigia kabla ya kuulizwa mnyama. Nyinyi mnaonung'unika kukaa uani na mkeka mkifukuza kuku, sasa mnajua. Mashine ya kupima kasi mnayo, na betri zake. Itawaambia kasi ya risasi. Mtu atakayesimama nayo haitamtaja, kwa hiyo nendeni mkakae naye kwenye benchi mumuulize. Ninyi ni wazuri kuliko tulivyokuwa. Nimewahesabu mara mbili.

Lakini jioni ile ufukweni hakuna aliyezungumzia kanuni. Watu walishuka na visu, mwenyekiti akagawa nyama kwa nyumba, wakabishana kwa furaha kuhusu mafuta. Kisha nikaona wote wamesimama kwenye nyasi, ndoo mikononi, wakitazama maji. Hakuna aliyesogea. Kiboko amelala pale, amekufa, na bado hakuna aliyesogea. Hofu haisomi kibali.

Ma Paskazia alinipa ndoo yake mpya.

"Wewe mpishi wa risasi," akasema. "Onja kwanza."

"Mama, amekufa. Nimemgusa."

"Huyo amekufa. Nasema huko majini."

Wakanitazama. Nikavua viatu. Matope yalikuwa na uvuguvugu wa jua la siku nzima, na mbele yake maji yalikuwa baridi. Nikaingia hadi magotini, mafunjo yakinikwaruza, nikainamisha ndoo, nikaisikia ikijaa na kuwa nzito. Nilipoinuka sikugeuka mara moja, nikachota mara ya pili. Nyuma yangu maji yakaanza kurukaruka. Mtoto akapiga kelele kwamba ni baridi. Na Ma Paskazia, ambaye magoti yake yalikuwa yamekatazwa kilima, akanipita taratibu akishika bega langu baya, akaingia ndani zaidi kuliko mimi nilivyoingia.